Jabali, Mwamba, Staa: Bado Tunao?

Kuna ubishi mmoja hauishi kwenye vimbweta, hasa siku bumu linapoingia na watu wameshiba. Simu ya mtu inapiga wimbo, mmoja anasema muziki wa siku hizi hauna mastaa, una watu maarufu tu. Mwingine anamrukia kuwa hayo ni maneno ya wazee, maana kila kizazi hulia kwamba muziki umekufa. Wa tatu anatoa idadi ya watazamaji wa YouTube kama vile ni hukumu ya Mahakama ya Rufani. Saa sita usiku watu wanakwenda kulala, kila mmoja na msimamo wake ule ule aliokuja nao.

Nimeusikiliza ubishi huo kwa miaka mitatu na naona unakwama sehemu moja. Wote tunamwangalia msanii: ameshuka, hajashuka, anaimba kweli, anabebwa na kompyuta. Hakuna anayejiangalia yeye msikilizaji. Mimi nasema mastaa wa kweli, wale ambao Wazungu waliwaita mastaa wa roki, bado wapo. Waliopungua ni watu wa kuwabeba, na watu hao ni sisi.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza neno roki, likiwa jina la muziki, linatokana na kuyumba na kutikisika, halihusu jiwe. Kiswahili hakikujali hilo, kikachukua jiwe lenyewe. Marijani Rajab, aliyeimba na Safari Trippers na baadaye Dar International, mashabiki walimwita Jabali la Muziki, na alifariki na jina hilo mwaka 1995. Leo mtaani tukimkubali mtu tunamwita mwamba. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo, lakini jabali na mwamba ni ndugu: kitu ambacho ukikisukuma hakisogei, na ukichoka unakiegemea. Kwangu mimi hiyo ni maana bora kuliko ile ya gitaa na nywele ndefu.

Maana wengi wakisikia staa wa roki wanaona mtu mwenye suruali ya ngozi, anavunja gitaa jukwaani, anakwenda kuvunja na chumba cha hoteli, halafu anakufa mapema. Picha hiyo haikutoka hewani. Jimi Hendrix, Janis Joplin, Jim Morrison na Kurt Cobain wote walikufa wakiwa na miaka 27. Mimi nina 22. Sioni cha kutamani hapo, na mtu akiniambia mastaa wa kufa hovyo wamekwisha nitasema alhamdulillahi.

Lakini Hendrix hakumbukwi kwa namna alivyokufa. Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la umeme, akalifanya gitaa lilie kama mabomu yanayoanguka. Hakuimba hata neno moja. Mpaka leo watu wanabishana kama ile ilikuwa heshima kwa nchi yake au lawama, na kitu kinachobishaniwa miaka yote hiyo si kitu kidogo.

Fela Kuti wa Nigeria hakupiga roki kabisa, alipiga afrobeat. Mwaka 1976 alitoa wimbo Zombie, akiwachora wanajeshi kama watu wanaotembea bila akili yao wenyewe. Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi yake Lagos, wakayachoma moto, na mama yake mzazi, Funmilayo Ransome-Kuti, akatupwa kutoka dirishani. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata. Fela aliendelea kuimba.

Nikiwaweka hao wawili pamoja, naona vipimo vitatu. Cha kwanza, sauti isiyofanana na ya mtu mwingine, kiasi kwamba ukisikia sekunde tano tu unajua ni nani. Cha pili, kusema jambo ambalo lina gharama, iwe gharama ya pesa, ya heshima au ya mwili. Cha tatu, watu wanaolipokea jambo hilo na kulifanya lao. Gitaa halimo. Pombe haimo. Wingi wa magari haumo.

Ukitumia vipimo hivyo, takwimu za Wazungu zenyewe hazitutishi. Mwaka 2017 kampuni ya Nielsen ilitangaza kuwa nchini Marekani hip hop na R&B kwa pamoja zimeipita roki katika usikilizwaji. Mwaka huo huo rapa Post Malone, akiwa na 21 Savage, alitoa wimbo unaoitwa Rockstar, ukakaa wiki nane namba moja kwenye chati ya Billboard. Yaani roki inashushwa kitini, na jina la staa wa roki linapandishwa na watu wa hip hop. Jina lilishaachana na gitaa. Swali ni kama kilichokuwa ndani ya jina bado kipo.

Kulijibu hilo sihitaji kwenda mbali, nahitaji kuvuka bahari tu mpaka Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa pale tarehe 5 Septemba 1946, kwenye familia ya Kiparsi. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000 uwanja wa Wembley kwa dakika kama ishirini hivi, akawaimbisha wote kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyoimbisha herufi. Ukiwa na bando, tafuta video hiyo. Anatoa sauti, uwanja mzima unairudisha. Mtu mmoja na maelfu, wanakuwa kitu kimoja.

Kipimo cha kwanza amepita, cha tatu amepita. Cha pili ndicho kinanipa mawazo. Freddie Mercury aliishi na virusi vya Ukimwi kimyakimya, akatangaza tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Simlaumu. Ugonjwa ni wa mtu, na magazeti ya Uingereza ya wakati ule yalikuwa yakiwinda wagonjwa kama wanyama. Ila kipindi hicho hicho, hapa Dar es Salaam, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akilitaja jambo hilo kwa sauti kubwa.

Huyo ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akatamba na Super Matimila. Muziki wake aliuita ubongo, kwa sababu alitaka watu wacheze huku wanafikiri. Aliimba juu ya mtu maskini, kifo, mapenzi na rangi ya ngozi. Nyimbo zake zilimpeleka mpaka Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD, na kampuni ya Real World ikamtolea albamu. Angeweza kutulia hapo, ale bata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu. Kumbuka ilikuwa wakati gani. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakizika na kusema marehemu kafa kwa kurogwa, au kwa kifua, au hawasemi kabisa. Kondomu ilikuwa neno la kunong'ona dukani. Sasa anatokea mtu mwenye rasta, na gitaa lake, anacheka, anawaambia wanaume wavae soksi. Redio ya taifa haikuupiga. Viongozi wa dini hawakufurahi. Wimbo ukaenda kwa kanda, kwenye baa, kwenye mabasi, mdomo kwa mdomo.

Najiuliza ni watu wangapi wako hai, au walizaliwa, kwa sababu baba fulani alisikia wimbo ule akacheka kwanza kisha akafikiri baadaye. Hatuwezi kuwahesabu. Lakini nenda Sinza leo. Kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Kondakta mwenye umri wangu, ambaye pengine hajawahi kusikiliza wimbo mmoja wa mzee huyo mpaka mwisho, anapiga kelele "Kwa Remmy, shusha!" mara mia kwa siku. Remmy Ongala alifariki Desemba 2010. Kituo kilipata jina lake kwa sababu wakazi na makondakta waliendelea kupaita hivyo, na kupaita hivyo ni aina ya kubeba.

Na kabla hujasema kuwa huu ni mchezo wa wanaume, rudi tena Unguja, miaka mingi nyuma ya Freddie. Siti binti Saad alikuwa mwanamke wa shamba, mfinyanzi na mwuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na taarabu yake ikasikika pwani nzima. Wimbo wake Kijiti ulihusu mwanamke aliyeuawa, na kesi ambayo waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Alisimama mbele ya wakubwa wa wakati wake akaiimba kesi ile. Hakuvunja hoteli. Nikipewa nafasi ya kumtaja staa wa roki wa kwanza wa Kiswahili, nitamtaja yeye, na Bi Kidude, aliyezichukua nyimbo za Siti na kuendelea kuimba akiwa ajuza mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013, anakuja nyuma yake.

Sasa turudi kwetu. Kwa nini ubishi wa vimbweta upo? Kwa nini watu wanahisi hakuna tena mtu wa namna hiyo?

Sababu moja ni njia muziki unakopitia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilitegemea redio moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ukipigwa jioni, Bukoba wameusikia, Mtwara wameusikia, shangazi na mtoto wake wameusikia, na kesho wanauzungumza. Leo mimi na roommate wangu tunalala mita moja na nusu kati yetu, na simu zetu hazijawahi kutuletea wimbo mmoja kwa siku moja. Programu inajua ninachopenda, inaniletea kinachofanana nacho. Staa anaweza kuwa na mashabiki milioni mbili waliotawanyika kila mmoja na spika zake za masikioni, na bado asiwe na umati hata mmoja.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa naomba tuwe waungwana. Wasanii wa zamani tunaowasifu waliibiwa. Walirekodi redioni kwa malipo ya kutupa, kanda zikadurufiwa Kariakoo, wao wakabaki na sifa. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilipitishwa mwaka 1999, ndiyo iliyozaa COSOTA, na wengi walikuwa wameshakufa. Kwa hiyo msanii wa leo akitaka kuwa tajiri, mimi sitamcheka. Diamond Platnumz ametoka Tandale akajenga lebo, redio na televisheni. Hayo ni mafanikio, na yameajiri watu. Tatizo ni kwamba pesa nyingi za muziki sasa hazitoki kwa msikilizaji. Zinatoka kwenye ubalozi: soda, mtandao wa simu, kampuni ya kubeti. Na balozi, kama tulivyofundishwa kwenye somo la uraia, kazi yake ni kuwa na mahusiano mazuri na kila mtu. Mtu anayelipwa kuwa na mahusiano mazuri na kila mtu hawezi kuimba wimbo wa Kijiti.

Sababu ya tatu ni hatari yenyewe, na hatari haijaisha. Angalia mwaka 2017 peke yake. Machi, Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, na BASATA ikaufungia, kabla Rais hajaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Aprili, Roma na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio moja Dar es Salaam, wakapatikana siku kadhaa baadaye wakiwa na majeraha. Linganisha na mwaka 2018, Diamond na Rayvanny walipofungiwa na BASATA kwa ajili ya wimbo Mwanza na kosa likawa maadili. Adhabu ile ilitangazwa Desemba, na Januari ikaondolewa. Nyimbo za kiuno zinafungiwa na kufunguliwa, na njiani zinapata matangazo ya bure. Kwa Nay na Roma mtu alichukuliwa yeye mwenyewe, pamoja na wimbo wake.

Kwa hiyo kipimo cha pili bado kina watu wa kukipita. Sugu alitoka kwenye rapu akaingia bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010, na mwaka 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema jukwaani dhidi ya Rais. Profesa Jay alimfuata bungeni mwaka 2015 kwa jimbo la Mikumi. Uganda, Bobi Wine alishinda ubunge mwaka 2017 na kugombea urais mwaka 2021, na kati ya hapo matamasha yake yakawa yanazuiwa na polisi moja baada ya jingine. Unaweza kutokubaliana na siasa zao, hilo ni haki yako. Ila usiniambie kuwa hakuna msanii wa zama hizi aliyelipa gharama.

Na kipimo cha kwanza, cha sauti isiyofanana? Nenda Manzese, Tandale, Mburahati. Singeli imezaliwa pale, kwenye vigodoro na sherehe za mtaani, na mapigo yake yanazidi 200 kwa dakika. Wengi wetu tunaojiona wasomi tuliicheka kwamba ni kelele za wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa muziki wa Sisso Studios ya Dar, na baada ya hapo vijana wale wakawa wanaitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Hakuna muziki mwingine duniani unaofanana na singeli. Kama roki ilikuwa muziki wa vijana uliowakera wazazi kwa kelele na mwendo, basi mrithi wake anaishi umbali wa daladala moja.

Nikiwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika aya moja juu ya mwanamuziki wanayempenda na sababu. Nilitarajia majina makubwa, na yalikuja. Sababu zilikuwa nyumba, magari na wanawake wazuri. Dogo mmoja wa nyuma, ambaye Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa kimejaa wino mwekundu wangu, aliandika juu ya MC wa singeli ambaye sikuwahi kumsikia. Sababu yake ilikuwa sentensi moja: anataja mtaa wetu. Darasa lote lilimcheka kwa kuwa MC mwenyewe hana hata video. Mimi nilimpa alama za juu, maana ndiye pekee aliyejibu swali. Wengine walieleza msanii ana nini. Yeye alieleza msanii ni wa nani.

Hapo ndipo kwenye kipimo cha tatu, na hapo ndipo ninapotulaumu sisi.

Angalia kilichotokea Kenya Juni 2024, vijana wa umri wetu walipoingia barabarani kupinga muswada wa fedha. Mojawapo ya nyimbo walizoimba sana ilikuwa Anguka Nayo ya Wadagliz. Ule ni wimbo wa kucheza. Umetungwa kwa ajili ya klabu na sherehe. Vijana waliuchukua wakaupa kazi nyingine kabisa, wakaucheza mbele ya magari ya polisi. Haukubadilika neno. Waliobadilika ni waliokuwa wakiusikiliza. Mimi sihitaji ushahidi zaidi wa kuwa nusu ya nguvu ya staa iko kwa umati. Umati ukiamua, hata wimbo wa sherehe unakuwa jabali. Umati ukilala, hata Fela anabaki mtu anayepiga kelele nyumbani kwake.

Na huku kwetu? Mwaka jana nilihudhuria tamasha moja la wanachuo, chuo chenyewe nitakihifadhi jina. Jamaa mmoja wa mwaka wa pili alipangiwa kurap wimbo wake. Waandaaji waliomba kwanza mashairi, wakamrudishia ubeti mmoja umekatwa, ule unaosema bumu likichelewa watu wanalala na maji. Siku ya tamasha alipanda, akarap ubeti wa kwanza, na alipofika pale palipokatwa akanyamaza, akaacha biti liende tupu. Alikusudia. Ukumbi ulidhani mashine imegoma, ukapiga miluzi. Baada yake akapanda msanii mwenye hit, watu wakaruka mpaka viti vikavunjika. Jamaa aliniambia habari ya ule ubeti siku mbili baadaye, tukiwa kwenye foleni ya chakula. Nilimwuliza kama ataendelea. Akasema anafikiria kuhamia nyimbo za mapenzi, "huko hakuna anayekuomba mashairi."

Hiyo ndiyo namna staa anavyokufa siku hizi. Hafi kwa dawa za kulevya akiwa na miaka 27. Anakufa akiwa na miaka 21, mwaka wa pili, kwa sababu alinyamaza kwa makusudi na hakuna hata mmoja aliyemsikia akinyamaza.

Najua kuna atakayesema chuo ni mahali pa kusoma, na muziki ni burudani tu, tunataka tupumzike baada ya testi na asaimenti. Nakubali tunahitaji kupumzika. Mimi mwenyewe nacheza, na wanaonijua wanajua. Lakini muziki haujawahi kuwa burudani tu kwenye nchi hii. Bendi za jazz zilitumika kusambaza sera za TANU, kwaya zilifundisha kilimo, taarabu ilisuta wenye kiburi. Ni sisi wa leo, wenye simu na digrii, tuliouambia muziki ukae kimya utupe biti.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, na kwa kila anayesoma ukurasa huu.

Kila mwaka tunafanya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya bajeti inakwenda kwa msanii mmoja mwenye hit anayekaa jukwaani dakika ishirini, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, anaondoka. Sisemi tusimwite. Nasema kabla yake itengwe saa moja kamili kwa wasanii wa hapa hapa chuoni, kwa spika zile zile na taa zile zile, na walipwe, hata kama ni kidogo. Wa singeli wawepo. Wa taarabu, kama yupo, awepo. Na mashairi yao yasiombwe na mtu kabla ya kupanda. Sheria za nchi zipo na kila mtu anazijua. Atakayezivunja atajibu mwenyewe kama mtu mzima. Kukata ubeti wa mtu kwa sababu unataja bumu si kulinda maadili, ni kumlinda mkubwa asiudhike.

Sehemu ya pili ni yetu sisi tunaokaa chini. Fika mapema, usisubiri staa wa saa tano usiku. Weka simu chini kwa wimbo mmoja, mpaka mwisho. Ukiukubali, ujue maneno yake, kesho uuimbe kwenye foleni ya bafu ili mwingine aushike. Ukiukataa, zomea, hiyo pia ni kazi ya umati na ni bora kuliko kutojali. Na ukisikia kuwa ubeti wa mtu umekatwa, uliza nani ameukata na kwa nini, kwa jina lako, kwenye kikao, siyo kwenye grupu la WhatsApp saa nane usiku.

Usiku wa mwaka wa kwanza mwaka huu utafika na bajeti yake haijapitishwa bado. Kikao cha bajeti kiko wazi kwa kila mwanachama. Mimi nitakuwepo, na nitaomba ile saa moja. Jamaa wa ubeti uliokatwa, kama naye unasoma hapa, usihamie kwenye mapenzi kwanza. Subiri tujue kikao kimesemaje.